Nesi Pelagia na Namba za Wavuvi wa Dagaa

Kwa miezi miwili Nesi Pelagia alitafuta watu wasioumwa chochote, na kazi hiyo ilimtoa jasho kuliko miaka kumi na minne aliyokuwa ameuguza. Mgonjwa hujileta mwenyewe. Lakini mwenye macho mazuri, umwambie aje kliniki akae nusu saa kwenye chumba cha giza, kisha awekewe uzi mwembamba chini ya kope! Anakutazama, anauliza nyumbani kwenu wanajua kwamba umetoka.

Ilikuwa mwaka wa themanini na nane, sabuni imeanza kurudi madukani Musoma baada ya miaka ya foleni. Dokta Isidori wa kliniki ya macho alikuja na mashine ya kuazima, ya miezi mitatu tu. Taa inamulika jichoni, pazia lililo nyuma ya jicho linatoa umeme kidogo sana, ule uzi unaunasa, mashine inauandika kwa namba. Namba ikiwa ndogo, pazia limechoka. Sasa, ndogo kuliko ipi? Karatasi iliyokuja na mashine ilikuwa na namba za Wazungu waliopimwa kwa taa nyingine, na dokta alisema macho meusi yana namba zake. Zilitakiwa za watu wa hapa, kila rika, ndipo uchorwe mstari: juu ya hapa ni kawaida, chini ya hapa ni ugonjwa.

Pelagia alizaliwa Kabasa, Bunda, binti wa katekista. Aliishia darasa la saba, akaingia kliniki kwa kufua bandeji, na mengine yote aliyapata kwa kutazama. Hakuwa mtu wa kubabaika. Wazee aliwatoa Butiama, kinamama akawatoa sokoni Bunda. Vijana hawakumsumbua kichwa hata kidogo.

"Nani anaonaga usiku kumshinda mvuvi wa dagaa?" alisema. Akawafuata mwaloni alfajiri, pale mitumbwi inapotia nanga, wanashusha dagaa, akarudi nao kumi, mikono bado ina magamba. Kila mmoja alipewa kipande cha sabuni.

"Nesi, hii sabuni ni ya macho au ya kwapa?" aliuliza Bernado, mdogo wake Pelagia, naye mvuvi.

"Yako wewe ni ya mdomo. Kaa chini."

Wiki hiyohiyo Mzee Machage wa Buswahili alimleta binti yake Ghati, wa miaka kumi na sita. Hakumleta atibiwe. Alimleta ashikwe uongo.

"Jua likizama anajigonga kila kitu," alisema Machage. "Mchana anaona sindano kwenye majani. Nikimtuma ndama jioni, anarudi mikono mitupu. Vidonge vya vitamini alikula mara mbili, wapi! Huyu ni mvivu. Nimemchapa, nitamchapa tena. Nipeni jibu tu."

Chini ya magoti miguu ya Ghati ilikuwa na makovu juu ya makovu, na Pelagia aliyaona.

Wakampima. Namba yake ikatoka mia na arobaini.

Dokta Isidori akafungua daftari, akachora mstari wa rika la vijana. Wavuvi wengi walikuwa na mia na ishirini, mia na thelathini. Mstari ukaangukia mia na kumi na tano.

"Yuko juu ya mstari," alisema dokta. "Binti ni wa kawaida. Jumatatu baba yake akirudi nitamwambia hivyo."

Pelagia alikuwa anakunja mablanketi meusi ya madirishani. Aliacha. Akavuta daftari, akatembeza kidole ukurasa wa wazee, akarudi ukurasa wa vijana.

"Dokta, mzee wa miaka sitini ana mia mbili na kumi. Kijana wa ishirini na mbili ana mia na ishirini. Tangu lini?"

"Namba ni namba, nesi. Pengine watu wa ziwani ndivyo walivyo."

"Mimi nimeolewa na watu wa ziwani, hawako hivyo." Akamwona Bernado akilini, anarudi asubuhi kutoka ziwani, anapapasa kikombe cha chai ndani ya nyumba kama mtu aliyefungwa kitambaa. Miaka yote alidhani ni usingizi. "Dokta, nimekosea mimi. Hawa usiku kucha wanakodolea taa ya karabai, dagaa waje kwenye mwanga. Nikawatoa kwenye karabai, macho yamechoshwa na mwanga, nikawaleta moja kwa moja kwako. Nusu saa ya giza inawatosha nini? Tumepima karabai, hatujapima macho."

Dokta alikuna kidevu. "Wataacha kuvua kwa ajili yetu?"

"Wataacha kwa ajili ya mwezi. Ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, wanaume wanakaa nyumbani wanashona nyavu na kugombana na wake zao. Bado siku sita. Mzee Machage nitamwambia mimi asubiri, na fimbo nayo isubiri."

Pelagia alikwenda Buswahili mwenyewe kumwambia. Machage alinuna, lakini alikubali.

Mwezi ulipojaa, wavuvi walikaa usiku nne bila karabai. Siku ya tano wakaja mchana, wamelala, wamenawa. Wa kwanza alitoa mia mbili na thelathini. Wa pili mia mbili na tano. Bernado akatoa mia mbili na sitini, akataka sabuni nyingine.

"Hesabu ya kwanza tunaifuta?" aliuliza dokta.

"Usifute. Piga mstari mmoja, andika pembeni kwa nini. Jina langu liweke hapo."

Mstari mpya wa vijana ukasimama mia moja tisini na nane. Ghati alipimwa tena, akatoa mia na arobaini, ileile.

Machage aliambiwa mbele ya binti yake. Dokta hakuzunguka: gizani haoni, hajawahi kudanganya, na dawa kwa sasa hakuna. Mchana macho yake ni mazima.

Machage aliinama, akaitazama ile miguu yenye makovu. Kisha akamgeukia Pelagia. "Niandikie, nesi. Na muhuri."

"Wa kazi gani, mzee?"

"Nyumbani wote walinisikia nikimwita mwongo. Wasikie na hili."

Ghati akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu aletwe. "Baba, na ndama?"

"Ndama jioni nitafuata mimi na kaka zako. Wewe utakamua asubuhi." Akachukua kofia yake. "Inuka. Buswahili ni mbali, nataka tufike jua likiwa juu."