Ripoti za Normand Ouellette

Normand Ouellette alifundisha useremala kwenye sekondari yetu ya hapa bondeni miaka nenda rudi, na muda wote huo hakujua kuandika. Ndiyo, mwalimu mzima! Kusoma alisoma kwa kubahatisha. Kuandika ndiyo hakuweza kabisa. Ripoti za wanafunzi wake ziliandikwa na mkewe, Lorette, mezani jikoni, sahani za chakula cha jioni zikiwa hazijaondolewa. Shuleni akipewa karatasi alijipapasa mifuko na kusema, "Lo, miwani nimeiacha kwenye gari."

"Norm, hiyo miwani ifunge kamba kama mbuzi," Rodney wa hesabu alikuwa akimtania. Walimu wote hucheka, naye hucheka nao huku jasho linamtoka.

Mwezi wa pili Lorette akafa. Moyo. Alianguka kibarazani akizoa theluji. Watu walimhurumia Normand, na alistahili, maana alimpenda sana yule mama. Lakini kulikuwa na jambo jingine lililomnyima usingizi, na aliona aibu hata kulifikiria: ripoti za mwisho wa mwaka ataziandika nani? Akigundulika, heshima yote aliyojijengea kwenye bonde hili ndiyo basi tena.

Theluji ilipoanza kuyeyuka walimu wakaitwa semina. Alikuja binti mmoja kutoka mji wa Bangor, anaitwa Kirsten, kuwafundisha namna ya kuwasaidia watoto wanaoshindwa kusoma na kuandika. Njia yenyewe ni rahisi: unasema, kompyuta inaandika. Na vitabu vipo mtandaoni, vya bure, tele. Unachagua, kompyuta inakusomea kwa sauti, na kila neno linalosomwa linang'aa.

"Hawa watoto si wajinga," Kirsten alisema. "Ni herufi tu zinawagomea. Haya, jaribuni wenyewe. Semeni chochote."

Rodney akaiagiza bia, kompyuta ikaandika bia, watu wakavunjika mbavu. Normand, kule nyuma, akainama akasema polepole, "Jina langu ni Normand." Maneno yakatokea. Akavaa visikilizio vya masikioni, akafungua kitabu, akasomewa kurasa mbili nzima. Kisha akainuka, akaenda chooni, akajifungia, akalia. Msidhani ni furaha. Ilikuwa hasira tupu. Utotoni walimsimamisha pembeni ya darasa, uso ukutani, akaitwa kichwa maji mbele ya wenzake, kwa jambo ambalo dawa yake ni hii tu! Na Lorette wake kaibeba siri hiyo mpaka kaburini, bila kupumzika hata muhula mmoja.

Wakati wa ripoti ulipofika, alifunga mlango wa karakana akaanza kusema. "Luc Pelletier. Anafanya vizuri. Aendelee hivyo." Kompyuta ikaandika bila kosa. Alimaliza darasa zima kabla ya chakula cha mchana, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akala akashiba.

Wiki haijaisha, Jeannine Pelletier akaingia karakana, katoka zamu kwenye kiwanda cha viazi, kofia ya kazini bado iko kichwani. Ni mama yake Luc. Ripoti ilikuwa mkononi.

"Bwana Ouellette, mwanangu amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu, mama. Mtoto mzuri tu."

"Mzuri! Kaka zake wawili wamepita mikononi mwako. Ripoti ya Denis iko kwenye friji mpaka leo. Uliandika kiti chake kilimvunjikia, akakaa chini akakitazama asubuhi nzima, wala hakuilaumu mbao. Baba yake aliisoma akalia. Yule! Mtu asiyelia hata mazikoni! Leo huyu mdogo unamwandikia 'aendelee hivyo'. Aendelee wapi?"

Normand alijipapasa mifuko ya shati. Halafu akaishusha mikono.

"Sikuandika mimi, Jeannine. Ni Lorette. Zote ni Lorette. Mimi kuandika sijui, sijawahi kujua. Hii ya Luc nimeisema, kompyuta ikaandika."

Jeannine akatafuta kigoda akakaa. "Lakini Lorette hakumjua Denis wangu," akasema.

"Hakumjua. Nilikuwa namsimulia tukila. Nikimwambia huyu mtoto mzuri, ananiuliza, mzuri vipi? Leo kafanya nini? Haya, halafu? Ananihoji mpaka chakula kinapoa. Mimi mwenyewe sikujua ninayo maneno yote hayo. Hii mashine inaandika ninachosema, basi."

Jeannine alivua kofia akajifutia macho. "Sitamwambia mtu," alisema. "Ila hii siipokei. Mwandikie mwanangu upya." Akaiacha ripoti juu ya meza ya kazi, akatoka.

Normand akawasha kompyuta. "Luc Pelletier," akasema. Jina likatokea. "Mtoto mzuri." Nalo likatokea. Akajikuna kichwa. Mengine yapo, aliyajua yapo, mtoto kashinda mbele ya macho yake mwaka mzima. Lakini yalimkwama kifuani, hayatoki. Kile kistari kwenye kioo cha kompyuta kikawa kinawaka na kuzimika, kinamngoja aseme.

"Niulize basi, Lorette," akasema.

Kompyuta ikayaandika na hayo.