Mkonge Nilioupanda Peke Yangu

Ile asubuhi naiona mpaka leo, mwanangu, kama ndoto ya mtu aliyeshiba. Nilikuwa kijana, nimechoka na kelele za Dumila, nikaenda Zombo kutafuta pa kukaa peke yangu, bila umeme, bila jirani wa kuomba chumvi. Nikapata pori karibu na kijito. Ukungu wa pale mzito, unaweza kuutundikia shati. Nikajenga kibanda, nikachimba kisima, halafu nikapazungushia mkonge uwe mpaka. Miche elfu, siku moja, kwa mkono mmoja; mwingine ulikuwa unashika muhogo. Bibi yenu akahamia na mimba yake ya kwanza. Tukawa tunakaa mlangoni tunasikiliza maji, tunaona hata ndege wanapita kwa ruhusa yetu.

Basi asubuhi hiyo natoka nje, nakutana na pembe. Ng'ombe wamejaa, foleni yao imefika Rudewa. Mbele yao kasimama Mzee Masanja, mfugaji, pamoja na Bi Zena wa kamati ya ardhi ya kijiji. Nikawaamkia, wakaitikia marahaba. Mzee akasema taratibu kwamba nimejenga kwenye njia ya mifugo kwenda majini. Nikabisha: pori halikuwa na mtu, na mpaka wangu unaonekana.

Bi Zena akauangalia mkonge. "Ulipanda na nani?"

"Peke yangu, mama."

"Basi hiyo bustani. Mpaka unapandwa majirani wakiwepo."

Njia ile mkutano wa kijiji uliipitisha zamani, akasema, kwa hiyo nibomoe. Bibi yenu alilia, tumbo liko puani. Nikabomoa mwenyewe, bati moja moja.

Ila Bi Zena hakunifukuza. Alinipeleka mkutanoni, nikaomba mbele za watu, nikapewa eneo la juu. Mzee Masanja akatembea na mimi kuchomeka mkonge, na kila mche akanisimulia ng'ombe mmoja, kwa jina. Tulimaliza nina mvi.

Mwanangu, siku hizi mna sola na simtanki, mnataka kujitenga huko pembeni ya Mikumi. Jitenge. Ila anzia ofisi ya kijiji. Uliza kama pale ni njia ya ng'ombe, ya tembo, au ukingo wa mto. Subiri mkutano ukupe, majirani waukanyage mpaka na wewe, ndipo ufuatilie hati ya kimila. Hao watu unaowakimbia ndio mashahidi wako.

Mungu akupe pako, uzeekee hapo, wajukuu wajae mpaka ukose pa kuweka kiti.