Nedka na Buti za Asparuh

Miaka yote ya ndoa yao, Jumapili ikifika Asparuh alivaa buti, akachukua fimbo na kupanda basi la kwenda mlima Vitosha, na Nedka akabaki jikoni. Ugomvi haukuwepo. Alasiri mume alirudi mashavu mekundu, ananuka moshi na misonobari, akakuta supu, kuku wa kuoka, na binti yao Rositsa na wanawe wakimngoja mezani. Shoga zake wakimuuliza Nedka mumewe yuko wapi, alinyoosha kidole dirishani, mlima uliposimama. "Kwa mke mwenzangu yule," akasema. Wenzake walicheka. Yeye hakucheka sana.

Asparuh alifariki kiangazi, moyo ulisimama ghafla. Theluji ilipoanguka mwaka ule ilifika mpaka vizingiti vya nyumba za jiji la Sofia. Jumapili moja ya Januari Nedka alikaa na kisu mkononi mbele ya viazi, akatazama nje, mkono ukakataa kumenya. Aliacha viazi vile vile. Akavaa jozi mbili za soksi za sufu, akatumbukiza miguu ndani ya buti za marehemu, akatoka.

Ndani ya basi simu ikalia.

"Mama, uko wapi? Nimegonga mlango mpaka nimechoka!"

"Naenda Vitosha."

"Na nani?"

"Na buti za baba yako."

"Mama, una wazimu? Na goti lako je?"

"Goti nalo nimekuja nalo, usihofu," akasema Nedka, akaizima simu.

Mwanzoni alijuta. Njia ilikuwa nyembamba, imekandamizwa na nyayo za watu mpaka ikawa kama sabuni. Matawi yalikuwa yameinama kwa uzito wa theluji, na mara kwa mara moja lilishtuka likamwaga mzigo wake shingoni mwake. Lakini kila aliyempita alimwamkia. Hujambo mama, pole mama, karibu juu mama. Nedka alishangaa, maana kwenye jengo lao jirani wa ghorofa ya pili hajawahi kumsalimu hata siku ya msiba.

Kwenye kona yenye mteremko aliteleza, akakaa chini kwa kishindo. Mwanamume mmoja mwenye ndevu zilizoganda barafu akamvuta mkono.

"Inuka mama, mlima hauwapendi wanaolala."

"Nami siupendi. Basi tumelipana," Nedka akajibu, na yule bwana akacheka mpaka barafu ikadondoka ndevuni.

Alifika kwenye nyumba ya wapanda mlima pumzi zimemwishia. Ndani kulikuwa na jiko la kuni, mvuke, glovu zinazokaushwa na makelele. Metodi, mzee anayeitunza nyumba ile, alikuwa akipita na vikombe vya chai alipoziona buti miguuni mwa Nedka, ile ya kushoto na kiraka chake cha ngozi nyeusi. Akasimama.

"Samahani mama. Buti hizo umezipata wapi?"

"Za marehemu mume wangu."

Metodi aliviweka vikombe mezani polepole, akavua kofia. "Asparuh amefariki?"

Watu wote wakageuka kumtazama. Ndipo Nedka alipotambua kwamba watu hawa hawakuambiwa. Kwenye mazishi aliwaita ndugu, majirani, wenzake marehemu wa kazini. Wa huku hakumjua hata mmoja.

"Sisi tulidhani amehamia kijijini," Metodi akasema. "Tulikuwa tunamsengenya, Mungu atusamehe, kwamba ametutupa."

Velichka, mpishi wa pale, mwanamke mnene mwenye aproni, alitoka jikoni akijifuta macho. "Masikini Asparuh! Mikono ile! Hakuna atakayenioshea vyombo kama yeye."

"Vyombo gani?" Nedka akauliza.

"Vyote! Kila Jumapili. Masufuria, sahani, mpaka masinia ya tanuri."

"Asparuh? Asparuh wangu aoshe vyombo?"

"Alisema wewe ndiye uliyemzoesha. Kwamba kwenu husogei karibu na karai, yeye hakuruhusu."

Nedka akakodoa macho. "Mwongo mkubwa! Nyumbani hakuosha hata kijiko chake cha chai!"

Watu walitazamana, hawajui washike lipi. Kisha Nedka mwenyewe akaangua kicheko, akacheka akijipiga mapaja, na kicheko kikageuka kilio, akalia mbele ya wageni vile alivyoshindwa kulia makaburini. Velichka alimkumbatia mpaka akatulia.

Walimletea bakuli la supu ya maharage na mkate. Alipomaliza alinyanyuka na bakuli lake kuelekea jikoni, kwa mazoea.

"Keti!" Velichka akamkemea. "Leo wewe ni mgeni."

Akaketi. Hakukumbuka lini alikula mara ya mwisho meza ambayo hakuiandaa, wala hakujua aiweke wapi mikono yake. Mwishowe akasema, "Supu hii nanaa haitoshi."

"Jamani, huyu ni mkewe kweli!" Velichka akapaza sauti. "Asparuh naye kila wiki alinisumbua na nanaa!"

Ukungu ulikuwa umeshuka madirishani. Nedka aliuliza njia ya kwenda kileleni, Cherni Vrah, Metodi akatikisa kichwa. "Si leo. Kilele hakikimbii. Shuka kabla ya giza, fuata nguzo zinazoonyesha njia."

Akashuka peke yake, nguzo hadi nguzo. Pale penye mteremko alitazama nyuma, akaona hakuna mtu, akakaa chini kwa makusudi na kuteleza mpaka mwisho, sketi imelowa chepechepe.

Jioni Rositsa alikuja kugomba, akamkuta mama yake amelaza miguu juu ya kiti.

"Jumapili ijayo mtapika ninyi," Nedka akamwambia.

"Tupike nini?"

"Chochote. Nitakula."

Rositsa alinuna wiki nzima, lakini alipika. Mwezi wa tatu Nedka alifika Cherni Vrah. Kulikuwa na upepo na ukungu mzito, hakuona hata vidole vyake. Alisimama pale kitambo, akanywa chai ya chupa, akashuka na njaa kali.