Siku Mchumba Alipomnawisha Baba

Baba yangu hakupata kununua chubwi maishani mwake. Risasi ya kuzamishia mshipi aliiyeyusha mwenyewe, hapa hapa Al Qusais, huku Uarabuni, kwenye roshani ya fleti yetu, ingawa chubwi madukani zimejaa tele. Gereji za huko viwandani zilimpa vile vipande vya risasi vinavyobandikwa kwenye rimu kusawazisha tairi. Anavitia kwenye sufuria kuukuu juu ya seredani ya mkaa, vikiyeyuka anavimimina kwenye vijiko vya supu alivyovipanga juu ya mchanga mkavu. Risasi ikiganda, anaibandua, chubwi hiyo. Mama alishachoka kununua vijiko.

Mwaka ule, kabla metro haijajengwa, nilikuwa nimependa. Wallahi nilipenda mpaka chai naitia chumvi! Kijana mwenyewe mlinzi wa jengo moja huko Marina, Muislamu wa Mumias, Kenya bara. Baba akisikia tu neno bara, anakunja uso. "Mtu hajui hata ngisi, nitazungumza naye nini?" Na kwetu Unguja kulikuwa na binamu yangu ambaye ameshaanza kutajwatajwa kuwa ndiye atakayenioa. Nilikuwa nacheka na kulia siku moja hiyo hiyo.

Ijumaa moja baba akasema, "Mwambie aje baada ya sala anisaidie kuyeyusha. Nikimpenda, alete wazee wake. Nisipompenda, khalas, tusisumbuane."

Akaja na shati jeupe limepigwa pasi, mwehu yule! Mimi na mama tukajibanza jikoni, nyuma ya pazia la mlango wa roshani. Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Akapepea mkaa, akaitikia "Naam, mzee" kwa kila neno. Risasi ikayeyuka, ikang'aa. Baba akajaza vijiko vya mwanzo, akaitazama mikono yake iliyojaa masizi, akajisemea tu, "Loo, mikono imechafuka."

Basi. Kwao, mzee akisema mikono imechafuka, kijana hangoji kuambiwa mara ya pili. Akachukua birika la maji lililokuwa mlangoni, akainama kwa adabu zote, akamnawisha. Juu ya sufuria.

Pwaa! Maji yakaigusa risasi ya moto, ikaruka. Nilichoona ni lile shati jeupe limemfunika baba mzima: kijana amejitupa juu yake, wameanguka wote kwenye vyungu vya mrehani vya mama.

"Mzee, umeungua?" akauliza. Shati mgongoni limetoboka kama chujio.

"Sijaungua. Wewe je?"

"Kidogo tu. Nisamehe, mzee, nilitaka kukunawisha."

Baba akamtazama. Akalitazama birika, kijana bado analo mkononi. Mabega ya baba yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Wapi! Anacheka, hawezi hata kuinuka, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu. Mama naye ameshakaa chini jikoni, kanga mdomoni.

"Mama watoto!" baba akaita, pumzi hana. "Huyu ataniua kwa adabu! Mwambie alete wazee wake upesi, kabla hajanimaliza."

Kwetu posa ikikubaliwa, mama ndiye apigaye kigelegele, na msichana hujificha kwa haya. Lakini mama alikuwa hoi kwa kicheko. Nikalivuta pazia, nikakipiga kigelegele mwenyewe, mpaka majirani wa ghorofa ya chini wakatoka nje kutazama kuna nini.