Akuwam wa Chini ya Kisima

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Mjini Lodwar jua lilikuwa kali tangu asubuhi, na upepo wa kutoka upande wa ziwa ulikuwa ukipeperusha mchanga hadi ndani ya vikombe vya chai. Alasiri upepo ulitulia kidogo, refa akatazama juu, akasema mchezo uanze.

Wanawake wa Kakuma walikuwa wamekuja kucheza mpira wa kikapu na wanawake wa Lodwar. Hakukuwa na kombe. Lakini kwenye kiti cha plastiki, karibu na mstari, alikaa mwanamume mwenye kofia nyeupe, jina lake Kamande, kocha wa klabu moja ya Nairobi inayolipa wachezaji wake mshahara. Alitaka mtu mmoja wa kupanga mchezo, yule anayeushika mpira na kuamua uende wapi. Siku ya pili angerudi Nairobi. Akuwam, mpanga mchezo wa Kakuma, aliyajua hayo yote, kwa sababu Hilaire, kocha wake, alikuwa ameyarudia njia nzima kutoka Kakuma mpaka dereva akamwomba apumzike.

Mimi nilikaa kwenye meza ya kuandika alama. Habari za maisha ya Akuwam nilizipata kwake mwenyewe na kwa Hilaire, kidogo kidogo, kwa miaka kadhaa.

Alizaliwa upande wa Nakalale, katika familia ya wafugaji. Kiangazi kilipozidi, baba yao aliwapeleka ngamia upande wa Lokiriama, na mbuzi wakabaki na Akuwam na kaka yake mkubwa, Ekuru. Maji yalikuwa chini ya mchanga wa mto mkavu. Watu walichimba visima virefu, wakakata vidato ukutani, na kwenye kila kidato akasimama mtu. Wa chini kabisa huchota na kumrushia karai aliye juu yake, naye humrushia anayefuata, mpaka lifike kwa mtu wa ukingoni, ambaye humwaga maji kwenye birika la mifugo. Wote huimba, ili mikono yao iende pamoja.

Akuwam alikuwa wa chini kabisa. Mtu wa chini hatazami juu. Akitazama, mchanga unamwingia machoni, na karai tupu linalorudi linaweza kumwangukia usoni. Hurusha akifuata wimbo, akiamini kwamba mikono ipo pale juu inamngojea. Tena kuna adabu moja ya kisimani: walio ndani hawanywi mpaka mifugo imalize. Mtu anaweza kusimama na maji hadi magotini, midomo imekauka, karai likapita mbele ya pua yake, naye akalipitisha tu.

Alipokuwa msichana mkubwa alihamia Kakuma kwa shangazi yake, akawa anauza kuni katika kambi ya wakimbizi. Siku moja alipeleka mzigo mahali ambapo Wakongo walikuwa wakijenga nyumba ya matofali ya udongo. Kijana wa kuwarushia mafundi matofali alikuwa mgonjwa. Akuwam alitua kuni zake, akaanza kurusha. Fundi aliyekuwa juu ya ukuta hakuhitaji hata kunyoosha mkono, maana tofali lilimfikia kifuani kila mara, na Akuwam alikuwa ameshainamia jingine. Jirani wa nyumba hiyo alikuwa Hilaire, aliyewahi kuchezea timu ya Bukavu kabla ya vita kumfukuza. Alisimama akatazama mpaka chai yake ikapoa.

"Mama," akamwambia, "kesho kuja uwanjani. Kuni nitanunua mimi."

Hivyo ndivyo alivyoingia katika mpira wa kikapu. Pasi alikuwa nazo tayari. Kudunda mpira alijifunza kwa mwaka mmoja, na sheria akazijua kwa kupigiwa filimbi. Kurusha kikapuni alijifunza jioni, uwanja ukiwa mtupu, na alikuwa hakosi sana. Lakini mechi ikianza, hakurusha. Alikuwa akipita katikati ya watu wawili, akafika chini ya kikapu akiwa peke yake, kisha akampa mwingine. Miaka mitatu Hilaire alimsihi, akamkaripia, akamtania, akamwekea hata adhabu ya kukimbia. Akuwam alikimbia bila kununa, na mechi iliyofuata akampa mwingine. Hilaire aliamua kwamba ni woga.

Mtu aliyefaidika zaidi ni Adhieu, msichana mrefu wa Sudan Kusini aliyezaliwa hapo hapo kambini. Yeye ndiye aliyekuwa akimalizia. Alimpa Akuwam jina la Posta.

"Posta," alimwambia siku ile wakifunga viatu, "leo jipelekee barua moja, sawa? Moja tu. Huyo mzee wa kofia ametoka mbali."

"Wewe kaa tu pale karibu," Akuwam akajibu. "Mimi naleta."

"Si ndiyo hiyo nakuambia! Usilete!"

Mchezo ulianza, na robo mbili za kwanza zilikwenda kama kawaida. Akuwam alitoa pasi ambazo watazamaji walizipigia makofi. Wachezaji wa Lodwar walikuwa werevu, wakagundua mapema kwamba yeye harushi. Wakamwacha peke yake, wakaenda wawili wawili kumbana Adhieu. Mpira ukawa hauna pa kwenda.

"Piga, mama, piga!" Hilaire alipaza sauti. "Uko peke yako kama mnara wa simu!"

Nilimwona Kamande akitikisa kichwa. Alimwinamia Hilaire akamwambia, "Mikono yake ni mizuri sana. Lakini kocha, umeona wanavyomwacha? Nairobi watamwacha hivyo hivyo. Siwezi kuchukua mtu ambaye halindwi."

Hilaire alivua miwani yake, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

Ekuru alikuwa amefika robo ya pili, kwa pikipiki, shuka begani na kigoda chake mkononi. Hakuwa amewahi kuona mchezo huu. Aliweka kigoda nyuma ya benchi la Kakuma, akasalimia kila mtu kwa "ejok", na baada ya muda mfupi akawa na maoni.

"Kikapu chenu kimetoboka chini," alimwambia Hilaire. "Nani alikinunua?"

"Ndivyo kilivyo, kaka."

"Na huyo mwenye filimbi anakasirikia nini?"

"Ni kazi yake."

"Na wewe? Kelele zote hizo unampigia dada yangu, amekukosea nini?"

Hilaire akamweleza. Akamwonyesha Kamande, akamweleza juu ya klabu na mshahara, na kwamba nafasi ile itapotea kabla jua halijazama kwa sababu Akuwam anaogopa kurusha.

Ekuru alicheka kwa sauti hadi watu wakageuka. "Akuwam, anaogopa? Huyo aliwahi kumfukuza fisi kwa sufuria. Haogopi. Yuko kisimani." Akaonyesha kwa kidole. "Tazama. Huyo mrefu ndiye wa ukingoni. Yeye ndiye anayemwaga. Akuwam ni wa chini, kazi yake ni kupitisha. Umwambie wa chini apande juu amwage mwenyewe, awaache wenzake mikono mitupu? Au umwambie anywe, na mifugo bado imesimama? Hawezi. Ni aibu."

"Miaka mitatu," Hilaire akasema polepole. "Miaka mitatu namkimbiza bure."

Filimbi ya mapumziko ikalia. Ekuru hakungoja ruhusa. Alimfuata dada yake pale alipokuwa amechuchumaa na chupa ya maji, akachuchumaa mbele yake. Kiturkana chao nilikisikia vizuri, kwa sababu meza yangu ilikuwa hapo karibu.

"Mbuzi?" Akuwam akauliza kwanza, kama mtu anavyouliza habari za nyumbani.

"Wamekunywa."

"Wote?"

"Wote. Niliwanywesha jana kabla ya kuondoka. Hata yule mwekundu mkorofi, alikunywa mpaka akalala. Birika limejaa na hakuna anayelitaka."

"Na kiangazi kinachokuja? Nikiwa Nairobi, nani atasimama chini?"

"Ndugu za mke wangu wamehamia kwetu. Wana mikono na wanakula chakula changu. Watasimama." Alimgusa bega. "Akuwam, mifugo imemaliza. Sasa wewe kunywa."

Akuwam akaanza kucheka, akaufunika uso kwa jezi, mabega yakimtikisika. Alipoinuka alirudi moja kwa moja uwanjani.

Robo ya tatu, mara ya kwanza walipomwacha peke yake, alirusha. Mpira haukugusa hata chuma. Ulipita juu ya ubao, ukaangukia kwenye meza ya muuza soda.

"Posta imepotea njia!" mtu wa Lodwar akapiga kelele, na uwanja mzima ukacheka. Akuwam alicheka pia, akarudi kukaba. Mara ya pili, mpira ulizunguka ukingoni ukatoka. Mara ya tatu ukaingia. Adhieu aliruka juu na kumkumbatia katikati ya mchezo, wakapigiwa filimbi.

Baada ya hapo Lodwar walilazimika kumfuata, na walipomfuata, Adhieu akabaki wazi, na pasi zikaanza kumfikia tena. Akuwam akawa anachagua: hii yangu, hii yake. Kamande alisogeza kiti mbele mara mbili, mpaka refa akamwomba arudi nyuma ya mstari.

Kakuma walishindwa kwa vikapu viwili. Hilaire alisahau kusikitika. Alikumbuka baadaye, wakati wa kula, akaanza kulalamika juu ya refa.

Kamande alimwita Akuwam kando, Hilaire na Ekuru wakiwapo. Alisema angempa miezi mitatu ya majaribio yenye malipo, na akikaa vizuri, mkataba wa msimu mzima. Alitakiwa afike Nairobi mwanzoni mwa Julai.

"Swali moja tu," akasema. "Mpaka mapumziko hukurusha hata mara moja. Nini kimetokea?"

"Mbuzi wamekunywa," Akuwam akasema.

Kamande akamtazama Hilaire, Hilaire akamtazama Ekuru, na Ekuru akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayethibitisha jambo lililo wazi.

"Sijui hiyo ni nini," Kamande akasema, "lakini basi, waendelee kunywa." Akampa mkono. Akuwam aliushika kwa mikono miwili, akasema ndiyo, atakuja.

Jioni walikula samaki wa Kalokol na ugali, kila mtu akisimulia lile kombora lililomfikia muuza soda, kila mara likienda mbali zaidi. Akuwam alikula mara mbili ya wengine.

Jumapili asubuhi alikwenda sokoni na Adhieu na Ekuru kununua begi la safari, la kwanza maishani mwake. Alipunguziwa bei baada ya mabishano marefu. Ekuru alifungua zipu na kuifunga mara nyingi, mwenye duka akimtazama kwa wasiwasi, mpaka akaridhika. Kisha Akuwam akamuaga kaka yake, akapanda gari pamoja na wenzake, akaliweka begi tupu mapajani, na akalala usingizi mpaka Kakuma.