Kikapu cha Nyamusi

Msiniulize kama Nyamusi alikuwa mtu mzuri. Alikuwa mzuri, na hiyo ndiyo ilituudhi! Miaka kumi na tisa alichuma chai katika shamba moja karibu na Kapsoit, na sisi wanawake sita wa genge lake, sote tumetoka Kisii, yeye ndiye alitupokea tukiwa hatujui lolote. Majani mawili na kichipukizi, akatuonyesha. Mimi Janefer alinigombeza wiki nzima: "Usikate kwa kucha! Kunja jani, livunjike lenyewe." Nikamwona ana kiherehere tu.

Mwaka jana mashine zikaja. Msimamizi akasema wachumaji sita wanatosha kwa ule mteremko ambao mashine haiwezi. Tulikuwa saba. Atakayekataliwa majani magumu mara tatu kwenye mizani ataondoka, na nyumba ya kampuni ataiacha. Nyamusi aliishi na mama yake mgonjwa, mtu hageuki kitandani mpaka ageuzwe. Tulijua vizuri sana. Kila Alhamisi sisi wenzake wa kwaya tulikwenda pale kumwombea.

Phanice ndiye alianza. "Nyamusi na mikono ile atapata kazi popote. Sisi je?" Hakuna aliyebisha. Basi kila Nyamusi akienda kunywa maji, mmoja wetu anatia majani magumu chini ya kikapu chake. Mara ya kwanza alicheka, akasema macho yanazeeka. Mara ya pili alilia, na Phanice huyo huyo akampangusa machozi kwa leso. Shetani mkubwa!

Mara ya tatu ilikuwa zamu yangu.

Kiplangat, karani wa mizani, alimwaga kikapu chini mbele yetu sote. "Pole, mama. Hiyo ni ya tatu."

Nyamusi akapiga magoti, akaokota jani moja gumu, akaangalia pale lilipokatika. Akaokota lingine, na lingine. Halafu akaniangalia mimi.

"Janefer," akasema polepole, "bado unakata kwa kucha."

Afadhali angenitukana! Ijumaa alimtoa mama yake kwa mkokoteni, na sisi wenzake wa kwaya tukamsindikiza kwa nyimbo mpaka getini. Mama yake hakumaliza wiki.

Nyumba yao ilikuwa na mfereji wa maji mlangoni. Jumatatu niliiomba, nikapewa.