Mikono Yangu Imerudi Kwenye Mzani

Mwaka ule mahindi yalikaukia shambani. Tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, asubuhi, michembe mchana, na jioni mjukuu wangu Kabula akiuliza, "Bibi, leo tunakula nini?" tunacheka tu. Ndipo mwanangu Masanja, mchimbaji hapa Nyarugusu, akaanza kuchomea dhahabu kwenye jiko langu, yake na ya wenzake, ili moto uondoe zebaki waliyoinasia. Wenzake walituachia unga. Nilikubali mwenyewe, simsingizii mtu.

Mimi ni mhudumu wa zahanati. Shule niliishia darasa la nne, lakini kwa mikono hii, mnisamehe, sijaona wa kunishinda. Siku ya kliniki mimi ndiye ninayewavisha watoto ile suruali ya mzani na kuwaning'iniza. Wa kurusha miguu, wa kunikojolea, wote nawaweza. Sijaangusha hata mmoja. Damu ya mzazi siigusi bila glavu. Halafu narudi nyumbani, nafunga mlango wa jikoni watu wasione dhahabu, napepea makaa, na zebaki inanipanda usoni. Haina hata harufu. Ujinga wa mtu anayejiona mjanja ndio huo.

Kwanza mate yakawa na ladha kama nanyonya msumari. Fizi zikavimba zikatoa damu. Kisha vidole vikaanza kucheza, chai inamwagika kabla haijafika mdomoni. Nikitembea natanua miguu kama bata. Ulimi ukawa mzito, maneno yanatoka vipande vipande. Na hasira! Nilimrushia Kabula mwiko kwa ajili ya chumvi. Mtaani wakasema bibi anakunywa gongo, mimi ambaye hata togwa iliyochacha siinywi.

Kilichonivunja ni siku ya kliniki. Nilinyoosha mikono nimpokee mtoto, mama yake akaona inavyotetemeka. Akamrudisha kifuani.

"Bibi, samahani," akasema kwa adabu, "naomba anipimie mwingine."

Hakukosea. Nilikwenda nyuma ya choo nikalia.

Masanja akanipeleka hospitali Geita. Daktari, mdogo kuliko wanangu, akaniambia niguse pua yangu. Nikagusa jicho.

"Bibi, unachomea dhahabu wapi?"

"Mimi si mchimbaji. Ni mhudumu wa afya."

"Sijauliza kazi, bibi. Nimeuliza moto."

Masanja akainama. "Jikoni kwake, daktari."

Mkojo wangu ukasafirishwa kupimwa Dar es Salaam, ambako mwenyewe sijawahi kufika. Majibu yakasema zebaki imeingia mwilini na kushika mishipa ya fahamu. Kabula naye alipimwa. Tunashukuru, yeye kutwa alikuwa shuleni, hakudhurika.

"Dawa tutakupa," daktari akasema, "lakini dawa ya kwanza ni kutoka kwenye hilo jiko."

Tukiwa bado wodini, Masanja akanong'ona, "Mayu, sasa wenzangu nitawaambia nini?"

Nikamjibu. Ilinichukua muda, neno moja moja, mate yakinidondoka. Alingoja mpaka nikamaliza: "Hapa jikoni panapikwa ugali tu."

"Hapa ni wodini, mayu," akasema, akacheka huku akilia.

Nilihamia kwa dada yangu, Kharumwa. Kila siku alinipa ungo wa choroko nichambue. Mwanzoni nilimwaga zote, kuku wakanenepa. "Endelea tu," akasema, "Krismasi tutawala." Miezi ikapita. Siku niliyotoa mawe yote bila kumwaga punje, alinimiminia chai kikombe kikajaa hadi ukingoni. Nikainywa yote.

Niliporudi, Masanja alikuwa amebomoa jiko la zamani, amekwangua udongo wa sakafu, amenijengea jiko jipya upande wa pili wa uwanja. Siku ya kliniki, aliyetangulia mbele yangu ni yule mama aliyeninyima mtoto.

"Amekuwa mzito huyu, bibi."

"Mlete."

Nikamning'iniza. Akanikojolea. Sijawahi kufurahia mkojo namna ile.

Namshukuru Mungu, daktari, dada yangu na choroko zake. Nanyi kina mama wenzangu, mkono ukianza kutetemeka msikae kumtafuta mchawi. Nendeni hospitali, na mkaseme kweli kuhusu moto wenu.

Juzi rafiki mmoja wa Masanja alikuja na unga begani, na donge lake la dhahabu na zebaki kwenye kitambaa.

"Shikamoo bibi. Mara moja tu, na mlango tutauacha wazi."

"Marahaba. Hapa jikoni panapikwa ugali tu."